Stempu za kwanza za Uswidi: maswali kuhusu alama za bamba na dosari za uchapaji

Anayefika kwenye Uswidi ya karne ya 19 akitokea kwenye stempu za ndege na treni anaweza kuvunjika moyo. Atakuta nembo yenye taji tatu, namba, maneno machache, basi. Lakini akichukua lenzi mambo hubadilika, kwa sababu kila stempu ya enzi ile ina ushahidi wa kipande cha chuma kilichoipiga chapa. Maswali yafuatayo hurudi mara kwa mara kutoka kwa watu wanaoanza kuusoma ushahidi huo.

Tunazungumzia stempu zipi hasa?

Zile zilizochapwa tangu 1855 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1890. Toleo la kwanza lilitoka tarehe 1 Julai 1855 likiwa na thamani tano za skilling banco, fedha ya Uswidi ya wakati huo: 3 ya kijani chenye ubuluu, 4 ya buluu, 6 ya kijivu, 8 ya njano inayoelekea rangi ya chungwa, na 24 nyekundu. Zote zina nembo ndogo ya taifa, yaani ngao ya taji tatu.

Tarehe 1 Julai 1858 zikaja stempu za öre, sarafu ndogo ya mfumo mpya wa fedha, nembo ikiwa ile ile: 5, 9, 12, 24, 30 na 50. Wageni hushangaa kwa nini nchi ichague thamani kama 9 na 12. Jibu liko kwenye hesabu ya kubadilisha fedha. Riksdaler, fedha kuu ya nchi, moja ya mfumo wa zamani wa banco ilikuwa na skilling 48, na ilikuwa sawa na riksdaler moja na nusu za mfumo mpya, yaani öre 150. Skilling 4, iliyokuwa nauli ya barua ya kawaida ndani ya nchi, ikawa öre 12 na nusu. Wakaishusha hadi 12. Skilling 3 ikawa 9, na skilling 8 ikawa 24.

Pembeni kuna stempu nyeusi ya barua za mjini Stockholm ya mwaka 1856, isiyoandikwa thamani yoyote, ambayo mwaka 1862 ilitolewa kwa rangi ya kahawia. Kisha kuna simba aliyelala: öre 3 ya 1862, halafu öre 17 na 20 za 1866. Mwaka 1872 likaanza toleo ambalo Waswidi huliita ringtyp, lenye namba katikati ya duara, likadumu karibu miaka ishirini. Kuanzia 1891 picha ya Mfalme Oscar II ikaanza kuchapwa kwa mtindo wa kuchonga, na hapo tunaingia kwenye somo jingine kabisa.

Zilichapwaje, na hilo linanihusu nini mimi mkusanyaji?

Linakuhusu kuliko kitu kingine chochote. Mtu asiyejua stempu ilivyochapwa hawezi kutenganisha dosari ya kweli na uchafu.

Mchapaji wa kwanza alikuwa Pehr Ambjörn Sparre, mtu wa ukoo wa kikabaila, aliyezaliwa 1828 na kufariki 1921 akiwa mzee sana. Ndiye aliyechapa stempu za Uswidi tangu 1855 hadi kazi ilipochukuliwa na Jacob Bagge mwaka 1872. Njia aliyotumia ni ile ya magazeti na vitabu vya wakati ule: sehemu ya kubeba wino imeinuka, na sehemu itakayobaki nyeupe imezama. Kutokana na mchoro mmoja wa asili zilitengenezwa kalibu, na kutokana na kalibu vikapatikana vipande vidogo vya madini, kila kimoja kikiwa na picha ya stempu moja. Vipande 100 vilipangwa safu kumi kwa kumi ndani ya fremu ya chuma, vikakazwa, na hilo ndilo likawa bamba la kuchapia shiti nzima.

Chukua mihuri 100 ya ofisini, uifunge pamoja iwe kitu kimoja, uipake wino na kuikandamiza kwenye karatasi. Mhuri mmoja ukiwa na mkwaruzo, kila karatasi utakayopiga itaonyesha mkwaruzo huo mahali pale pale, na mihuri mingine 99 haitakuwa nao. Shiti za Sparre zilifanya hivyo hivyo.

Hapo ndipo dosari zote zinapotoka. Kipande kinaweza kuzaliwa na kasoro, kwa mfano kiputo cha hewa kilichonaswa madini yakiwa ya moto, ambacho baadaye huonekana kama kitone cheupe au cha rangi. Kinaweza kuzaliwa kizima kisha kikaumia kazini: madini ya risasi ni laini, punje ya mchanga au kifaa kilichoanguka hutosha kuvunja mstari wa fremu. Na kwa kuwa vipande havikuunganishwa moja kwa moja, vingeweza kulegezwa, kuondolewa, kubadilishwa, au kurudishwa mahali pasipo pake. Kumbuka hili la mwisho, kwa sababu ndilo lililozaa stempu maarufu kuliko zote za Uswidi.

Dosari ya bamba ni nini, na doa la kawaida ni nini?

Dosari ya bamba, ambayo Waswidi huiita plåtfel, ni alama iliyoko kwenye chuma chenyewe. Kwa hiyo hurudi kwenye kila stempu iliyochapwa kwa kipande kile kile baada ya kasoro kutokea. Doa la kawaida hutokea juu ya karatasi mara moja na kwisha: unyuzi ulioangukia wino, vumbi lililozuia wino kugusa, karatasi iliyokunjika, wino uliozidi.

Kutoka hapo kipimo kinakuwa chepesi kusema ingawa kigumu kutimiza: ipo nyingine? Stempu moja yenye alama ya ajabu ni stempu moja yenye alama ya ajabu, wala si zaidi. Ukipata ya pili yenye alama ile ile, sehemu ile ile, ikiwa na umbo lile lile, na ikatoka kwenye barua nyingine yenye mhuri wa tarehe nyingine, hapo una jambo la kusema. Ya tatu ikija, anza kuandika.

Watu wengi hukosa subira hapa. Huona kitone kwenye herufi, hupiga picha, hutangaza ugunduzi. Mimi nasisitiza, hata kama inachosha kusikia: usiipe alama jina kabla hujaiona kwenye stempu mbili.

Kuna ishara zinazosaidia kabla ya kupata ya pili. Uharibifu wa chuma huwa na kingo zinazoeleweka na mara nyingi hukata mistari miwili au mitatu kwa mwelekeo mmoja, kwa sababu kitu kimoja kimekwaruza. Vumbi huacha duara jeupe lenye ukingo wa wino, kwa kuwa wino husukumwa pembeni. Unyuzi huacha mstari mweupe uliopinda ambao haujali mchoro ulio chini yake. Na alama iliyo juu ya mhuri wa posta, si chini yake, imetokea baada ya stempu kufika kwa mteja. Hiyo haina uhusiano wowote na mchapaji.

Nianze kutazama wapi kwenye stempu?

Anza na fremu, zunguka pande zote nne polepole. Mstari wa nje ndio unaoumia kwanza kwa sababu uko ukingoni mwa kipande, hauna kitu cha kuukinga. Tazama pembe: imekatika, imepinda, au imezidi kuwa nene? Kisha herufi za SVERIGE, yaani Uswidi kwa Kiswidi, moja moja. Kisha thamani, kwa namba na kwa maneno. Kwenye stempu za öre, tazama vitone viwili vilivyo juu ya Ö: ni vidogo, na kila kitu kidogo kilichosimama peke yake kwenye bamba ni rahisi kuziba au kuvunjika. Nembo yenyewe iache mwisho. Taji zina mistari mingi, na jicho huchoka haraka pale.

Ninayo 4 skilling moja ya buluu ambayo huitumia kuwaonyesha wanaoanza. Kwa macho matupu haina lolote: rangi imefifia kidogo, mhuri umekaa upande wa kulia. Chini ya lenzi, fremu ya kushoto ina pengo jembamba karibu na katikati, na hapo kwenye pengo mwisho wa mstari wa juu umejikunja kwa ndani, kama chuma kilichosukumwa na kitu kutoka nje. Ukiigeuza stempu na kuielekeza kwenye mwanga wa ubavu, unaona upande wa nyuma umevimba kidogo kufuata mistari, dalili kwamba iligandamizwa kwa bamba lililoinuka. Na pale palipo pengo hakuna uvimbe. Hiyo ndiyo tofauti kati ya wino uliokosekana na chuma kilichokosekana: wino ukikosekana peke yake, karatasi bado hubeba alama ya mgandamizo.

Mgandamizo huo hauonekani kwenye kila stempu. Nyingi zimelowekwa na kubanwa mara kadhaa tangu zitoke kwenye bahasha. Ukiupata, utumie.

Nimepata stempu mbili zenye dosari moja lakini hazifanani kabisa. Kwa nini?

Kwa sababu bamba lina umri. Pengo dogo la mwanzo wa uchapaji laweza kuwa pana mwishoni. Vilevile kiasi cha wino hubadilika kati ya shiti na shiti: wino mwingi huziba pengo, wino mchache hulipanua. Pima mahali ilipo alama kwa kuihusisha na kitu kisichobadilika, kama vile mguu wa herufi fulani, halafu linganisha mwelekeo wake. Mahali na mwelekeo vikiwa sawa, ukubwa waweza kutofautiana bila kukutia shaka.

Hapa ndipo mihuri ya Uswidi inapokuwa zawadi. Mihuri mingi ya zama zile huonyesha mji na tarehe, hivyo mwenye stempu kadhaa za dosari moja anaweza kuzipanga kwa tarehe na kuona chuma kikizeeka mbele ya macho yake. Tahadhari moja: tarehe ya mhuri ni ya kutumika, si ya kuchapwa. Stempu ingeweza kukaa kwenye droo ya posta ya kijijini kwa miezi kabla ya kununuliwa.

Inawezekana kujua stempu yangu ilikaa nafasi ya ngapi kwenye shiti?

Wakati mwingine ndiyo. Kazi hiyo inataka stempu zilizobaki zimeungana: jozi, mistari, mafungu ya nne. Ukijua kwamba stempu yenye pengo kwenye fremu ilikuwa kushoto kwa stempu yenye herufi iliyovunjika, umeunganisha nafasi mbili. Stempu zenye kipande cha ukingo wa shiti husaidia zaidi, maana zinakuambia mwanzo au mwisho wa safu.

Ugumu wa skilling ni kwamba mafungu makubwa ni haba na ya bei kubwa, na vipande ndani ya fremu vingeweza kupangwa upya kati ya uchapaji mmoja na mwingine. Kipande kimoja hakina lazima ya kubaki na majirani wale wale. Kwa hiyo nafasi ya leo yaweza isiwe nafasi ya mwaka uliofuata. Anayeanza asijaribu kukamilisha nafasi 100. Atafute vipande vichache anavyoweza kuvitambua bila shaka, avifuate kupitia tarehe.

Thamani ya kufanyia kazi hiyo ni 4 skilling, na kwa öre ni 12. Zote mbili zilikuwa nauli ya barua ya kawaida, kwa hiyo zilichapwa kwa wingi na ndizo rahisi kupatikana. Mtu akiniuliza anunue nini kwanza, humwambia anunue stempu za öre 12 zenye kasoro za karatasi, zile ambazo wauzaji huziweka kwenye boksi la bei ya chini. Pembe iliyochanika haimzuii kusoma fremu.

Ile skilling tatu ya njano ilitokeaje?

Stempu ya skilling 3 ilipaswa kuwa ya kijani chenye ubuluu. Ipo moja tu inayojulikana iliyochapwa kwa rangi ya njano ya skilling 8. Ina mhuri wa posta ya Nya Kopparberget, tarehe 13 Julai 1857.

Maelezo yanayokubalika zaidi yanatoka moja kwa moja kwenye namna mabamba yalivyojengwa. Kipande kimoja cha bamba la skilling 8 kiliharibika, kikaondolewa, na aliyejaza pengo akachukua kimakosa kipande cha skilling 3. Vyote vina ukubwa mmoja na nembo moja. Tofauti ni namba na neno la thamani, tena kwenye chuma vimegeuka kinyume. Bamba likapakwa wino wa njano, na katika kila shiti ikatokea stempu moja ya skilling 3 katikati ya 99 za skilling 8. Kwa hiyo rangi haikukosewa hata kidogo. Kilichokosewa ni kipande. Mtu akielewa hilo ataelewa pia kwamba zilichapwa zaidi ya moja, ila iliyobaki na kujulikana ni hii tu.

Iligunduliwa katikati ya miaka ya 1880 na kijana wa shule, Georg Wilhelm Baeckman, kwenye barua za zamani nyumbani kwa bibi yake. Aliiuza kwa krona 7 kwa mfanyabiashara wa stempu wa Stockholm, Heinrich Lichtenstein. Mwaka 1894 ikaingia kwenye mkusanyo wa Philipp von Ferrary, na mkusanyo huo ulipopigwa mnada Paris baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikarudi mikononi mwa Mswidi mwaka 1922. Mwaka 1937 ilinunuliwa na Mfalme Carol II wa Romania. Mwaka 1996 iliuzwa Zürich kwa faranga za Uswisi 2,875,000. Mwaka 2013 ikanunuliwa na Mswidi Gustaf Douglas.

Katika miaka ya 1970 wengine walidai kwamba ni ya bandia. Ikachunguzwa upya na kukubaliwa kuwa halisi. Shaka yenyewe haikuwa ya kipuuzi. Kijani kinaweza kuharibiwa kwa dawa au jua mpaka kikabaki na unjano, na stempu za skilling 3 zilizoharibiwa hivyo zipo. Ukipewa moja, angalia mashimo ya mistari na sehemu zilizofichwa na mhuri: dawa mara nyingi huacha mabaki ya kijani pale ambapo haikupenya.

Na ile ya TRETIO?

Hii naipenda zaidi kuliko ile ya njano, kwa sababu inaweza kufundisha hata asiye na uwezo wa kuinunua. Ni stempu ya öre 20 ya ringtyp, ya mwaka 1879. Namba inasema 20, lakini maneno yanasema TRETIO, yaani thelathini, badala ya TJUGO, ishirini. Kosa hilo lilikuwa kwenye bamba, si kwenye karatasi.

Kila mwaka wapo wanaoshangilia kwa kuona neno TRETIO. Ngoja kwanza. Stempu ya öre 30 nayo ina neno TRETIO, tena kwa haki yake, kwa hiyo tazama namba. Kisha tazama rangi: öre 20 ni nyekundu, öre 30 ni kahawia. Mtu aliyekwaruza namba 30 na kuifanya 20 atakuwa na stempu ya kahawia mkononi, na hapo mchezo umekwisha. Kisha pima meno. Ringtyp za mwanzo zina kipimo cha 14, yaani matundu 14 kwa kila sentimita mbili za ukingo. Kuanzia 1877 zikawa 13. Kosa la 1879 lazima liwe na 13. Stempu ikivuka vizuizi vyote hivyo vitatu, ndipo uitafutie mtaalamu wa kuitolea cheti.

Rangi tofauti za stempu moja ni dosari?

Hapana. Ni aina, lakini si dosari ya bamba. Sparre alichanganya wino upya kwa kila uchapaji, na ndiyo maana 4 skilling zinaenda kutoka buluu hafifu mpaka buluu nzito. Katalogi ya Facit, ambayo ndiyo wakusanyaji wa Uswidi huitegemea, hutenganisha vivuli hivyo, na baadhi vina bei mbali sana na vingine. Usiamue rangi kwa kutazama simu. Linganisha stempu na stempu, mchana, karibu na dirisha lisilopigwa na jua la moja kwa moja.

Meno yana umuhimu gani?

Stempu za Uswidi zilikuwa na matundu tangu siku ya kwanza. Skilling zote halali zina kipimo cha 14. Kipimo cha 13 kwenye stempu ya skilling kinakuambia jambo moja tu, nalo liko kwenye jibu linalofuata.

Nytryck ni nini?

Ni stempu za zamani zilizochapwa upya na posta yenyewe muda mrefu baada ya kuondolewa kwenye matumizi. Skilling zilichapwa upya mwaka 1868, 1871 na 1885. Zile za 1885 zina meno ya kipimo cha 13, kwa hiyo hujitambulisha zenyewe. Za 1868 na 1871 zina 14 na zinahitaji uangalifu: karatasi, kivuli cha rangi, usafi wa chapa. Ukikuta skilling 24 safi, haijatumika, rangi imeng'aa, kingo kali, anza kwa kudhani ni nytryck mpaka ithibitike vinginevyo. Nazo ni stempu nzuri na zina wapenzi wake. Tatizo ni kuzinunua kwa bei ya nyingine.

Kwa anayesoma dosari, nytryck ina faida ya pekee. Ni chapa safi, mara nyingi haina mhuri, na inakuonyesha mchoro ulivyopaswa kuwa. Weka moja pembeni kama kielelezo.

Kwa nini nyuma ya ringtyp yangu kuna baragumu la buluu?

Hiyo si dosari. Kuanzia 1886 posta ilichapa baragumu la posta nyuma ya stempu kama kinga. Liko hapo kwa makusudi. Likiwa limepinduka juu chini, hapo ni aina inayotajwa kwenye katalogi.

Stempu yenye dosari ni ghali zaidi?

Si lazima. Dosari iliyotajwa kwenye Facit, ambako aina hizi huwekewa herufi v na namba, huwa na bei yake. Dosari isiyotajwa ina thamani ile ile ya stempu ya kawaida, hata kama wewe umeifuatilia kwa miaka. Muuzaji akikupandishia bei kwa sababu ya kitone, mwulize namba ya katalogi. Akikosa jibu, lipa bei ya kawaida au uiache. Hali ya stempu nayo hubaki na nguvu: dosari nzuri kwenye stempu iliyochanika hupungua bei kama stempu nyingine yoyote.

Nahitaji vifaa gani?

Lenzi ya kukuza mara kumi, kipimo cha meno, koleo la stempu, taa unayoweza kuilaza ubavuni. Skana ya kawaida kwa azimio la nukta 1200 kwa inchi inafanya kazi kubwa, kwa sababu unaweza kuweka picha mbili bega kwa bega kwenye skrini. Usisafishe stempu kwa dawa. Wino wa zamani hauvumilii, na ushahidi unaoutafuta ndio utakaoondoka.

Kwetu Afrika Mashariki kuna mambo ya namna hii?

Yapo, na ya karibu sana kwa asili yake. Kuanzia 1895 stempu za India zenye kichwa cha Malkia Victoria zilipigwa chapa ya neno Zanzibar juu yake ili zitumike visiwani. Maneno yalipangwa kwa herufi za chuma, na mpangaji alipoteleza, kosa likarudi kwenye kila shiti mahali pale pale. Zipo zinazosomeka Zanzidar na nyingine Zanibar. Sababu inakaribiana na ile ya skilling tatu ya njano: kipande kisicho chake kimewekwa kwenye nafasi isiyo yake, au kimeachwa. Mkusanyaji aliyezoea kusoma herufi za Zanzibar kwa lenzi tayari ana jicho la kusomea Uswidi. Tahadhari nayo ni ile ile, maana chapa za juu ni rahisi kughushi na za Zanzibar zimeghushiwa sana.

Nimepata alama ambayo sijaiona kwenye katalogi. Nifanye nini?

Ipige picha mbele na nyuma, stempu nzima kwanza, alama peke yake baadaye. Andika thamani, kipimo cha meno, kivuli cha rangi, mji na tarehe ya mhuri. Eleza mahali pa alama kwa maneno ambayo mtu mwingine anaweza kuyafuata bila picha, kwa mfano: fremu ya kulia, usawa wa mguu wa herufi ya mwisho ya SVERIGE, pengo la nusu milimita linaloshuka kuelekea nje. Kisha pitia picha za minada ya zamani, maana nyumba nyingi za mnada huacha picha zao wazi kwenye intaneti, na picha za leo ni kubwa kiasi cha kusomeka. Kwa anayefika Stockholm, Postmuseum iko Lilla Nygatan katika mji mkongwe, Gamla stan.

Ukipata ya pili, tuma picha zote mbili kwa wakusanyaji wanaochunguza thamani hiyo, pamoja na tarehe zake. Ukiikosa, iweke stempu kwenye bahasha yake na maelezo yako ndani, uendelee na nyingine.